Laini safi, kebo safi, mazungumzo yanavuja: kisa cha mifumo miwili ya chaneli tatu kwenye mkono mmoja wa nguzo

Majina ya vituo, ya shirika na ya njia yenyewe yameondolewa. Vituo viwili vya mwisho vinaitwa A na B. Namba za nguzo si zile za awali. Hapa zinahesabiwa kuanzia nguzo ya kebo iliyo upande wa B.

Laini na mitambo

Ilikuwa laini ya waya wazi wa shaba (waya usio na ganda, uliotundikwa kwenye nguzo), kilomita 146 kutoka A hadi B, bila kituo cha kukuza mawimbi katikati. Waya ulikuwa wa kipenyo cha milimita 3.25. Nyaya mbili za kila jozi ziliachana sentimita 20, na kati ya jozi na jozi kulikuwa na sentimita 40. Nguzo zilisimama wastani wa mita 40 kati ya moja na nyingine, na mkono mmoja ulibeba jozi nne. Jozi ya 3 ilikuwa imebeba mfumo wa wimbi bebaji wa chaneli tatu, yaani mtambo unaopitisha mazungumzo matatu kwa pamoja, kwa miaka mingi, pamoja na simu ya kawaida ya sauti iliyopita kwenye nyaya hizohizo. Mahitaji yalipoongezeka, mfumo wa pili wa aina ileile ulifungwa kwenye jozi ya 4.

Mifumo ya namna hii ni ya zamani. Kampuni ya American Telephone and Telegraph ilianza kuitumia kibiashara mwaka 1918 kati ya Baltimore na Pittsburgh, na ile ya chaneli tatu ilienea kuanzia miaka ya 1920. Kanuni ya mfumo kama huu ni hii: kila mazungumzo hupandishwa na moduleta (saketi inayochanganya sauti na wimbi bebaji) hadi kwenye masafa yaliyo juu ya sauti, wimbi bebaji lenyewe huzuiwa, na bendi moja tu ya pembeni hutumwa. Katika mfumo huu mazungumzo ya kutoka A kwenda B yalipita kati ya kHz (kilohezi, maelfu ya mitetemo kwa sekunde) 18 na 31, na ya kutoka B kwenda A yalipita kati ya kHz 4 na 16.

Mgawanyo huo wa pande mbili ndio uti wa mgongo wa kisa hiki, kwa hiyo tuuelewe vizuri. Mtambo wa A unatuma kwa nguvu kubwa, na papo hapo unapokea mawimbi yaliyochoka kwa safari ya kilomita 146. Kama pande zote mbili zingetumia masafa yaleyale, sehemu ndogo tu ya nguvu inayotumwa kwenye jozi moja ingerukia jozi ya jirani na kuyafunika mawimbi dhaifu yanayopokelewa hapohapo. Huo ndio mwingiliano wa karibu, na kwenye waya wazi ni mkubwa kiasi kwamba hakuna mpango wa nyaya unaouvumilia. Ndiyo maana mifumo yote iliyo kwenye nguzo moja hutuma bendi ileile upande uleule. Kinachobaki kuogopwa ni mwingiliano wa mbali: mazungumzo yanayotoka A kwenye jozi ya 3 yasikike B kwenye jozi ya 4.

Upungufu wa nguvu kwenye laini haukuwa tatizo. Kwa kHz 30, siku kavu, shaba ya unene huo hupoteza karibu dB 0.075 kwa kilomita (dB ni desibeli, kipimo cha uwiano wa nguvu mbili za mawimbi), yaani dB 11 kwa njia nzima. Mvua huongeza dB kadhaa, nazo amplifaya za mitambo ziliweza kuzifidia bila shida.

Kinga ya mwingiliano ni mpishano: kwenye nguzo zilizochaguliwa, nyaya mbili za jozi hubadilishana nafasi, ili kile kilichoingia katika kipande kimoja cha laini kifutwe na kile kinachoingia katika kipande kinachofuata. Mchoro wa ujenzi ulionyesha kwamba jozi ya 3 na ya 4 zilipangiwa mpishano unaofaa kwa wimbi bebaji hadi kHz 31. Jozi ya 1 na ya 2 zilipangiwa wa sauti tu.

Malalamiko

Mfumo wa pili ulipowashwa, siku hiyohiyo waendeshaji wa B waliripoti kwamba kwenye chaneli ya juu kabisa wanasikia mazungumzo ya watu wengine, maneno yakieleweka. Chaneli ya kati ilivuja kidogo, ya chini karibu hapana. Kituo cha A hakikulalamika kabisa. Simu za sauti za jozi hizohizo zilikuwa safi.

Maneno yalieleweka kwa sababu mifumo yote miwili ilikuwa na mpangilio mmoja wa masafa. Chaneli ya 3 ya mmoja iliangukia sawasawa juu ya chaneli ya 3 ya mwingine, na mtambo wa kupokea ukaishusha hadi sauti kamili. Watengenezaji wa mifumo ya chaneli tatu walitoa mipangilio kadhaa, mingine ikiwa imesogezwa kidogo na mingine ikiwa imegeuzwa juu chini, mahususi kwa laini zenye mifumo mingi. Mwingiliano kati ya mipangilio tofauti husikika kama manung'uniko yasiyo na maneno, na sikio huyavumilia zaidi. Hapa walichagua mpangilio mmoja ili vipuri viwe vya aina moja: filta zilezile, oskileta zilezile, kabati moja la akiba. Hoja hiyo ina uzito pale vipuri vinapochukua miezi kufika. Lakini iliondoa kinga moja, na mzigo wote ukaachiwa mpishano wa nyaya.

Yaliyojaribiwa kwanza

Jambo la kwanza lilikuwa sahihi. Mafundi walihakikisha kwamba mfumo wa pili haukufungwa kinyume, yaani mtambo wa A unatuma bendi ya juu kwenye jozi zote mbili. Ukifungwa kinyume, chaneli zote huvuja katika vituo vyote viwili, na hapa haikuwa hivyo. Kisha waliondoa laini kwenye mitambo, wakafunga kila mtambo kwa rezista ya omu 600, wakapima uvujaji ndani ya kituo kupitia betri ya pamoja na nyaya za kabati. Ulikuwa chini zaidi ya dB 75. Vituo vikaondolewa kwenye orodha ya washukiwa.

Baada ya hapo walipoteza muda. Fundi wa zamu kule A alishusha kiwango cha kutuma cha mfumo wa pili kwa dB 6. Mazungumzo ya mfumo wa pili yaliyovuja kwenye wa kwanza yalipungua kwa dB 6, na ya mfumo wa kwanza yaliyovuja kwenye wa pili yakazidi kwa dB 6 ileile ukilinganisha na mazungumzo halali yaliyodhoofishwa. Haiwezi kuwa vinginevyo: mifumo miwili inayotumia laini moja huvumiliana vizuri zaidi viwango vyake vikiwa sawa. Kiwango kikarudishwa.

Wakahamisha mfumo wa pili kwenye jozi ya 1, iliyo mbali zaidi na jozi ya 3. Hali ikawa mbaya zaidi na chaneli zote tatu zikaathirika, kwa kuwa jozi hiyo haikuwa na mpishano wa wimbi bebaji. Umbali wa sentimita kadhaa haulipi deni la kilomita 146 zisizo na mpishano unaofaa.

Kisha wakashuku vikombe vya kauri vinavyoshikilia waya kwenye nguzo. Kikosi cha laini kilisafisha vikombe na kubadilisha vilivyopasuka kwenye kilomita kadhaa. Hakuna kilichobadilika, na daftari la zamu lilikuwa limeshatoa jibu kabla ya kazi hiyo kuanza: uvujaji ulikuwa uleule siku ya mvua na siku ya jua. Uchafu na unyevu juu ya vikombe hubadilika na hali ya hewa. Kasoro isiyojali mvua iko kwenye umbo la laini, yaani nafasi za nyaya, mpangilio wake, au viungo ambapo impidansi (ukinzani ambao mawimbi hukutana nao) inabadilika ghafla.

Kwa muda huo chaneli ya juu ya mfumo wa pili iliondolewa kwa wateja na kuachwa kwa mawasiliano ya mafundi tu. Ulikuwa uamuzi mzuri. Ulilinda siri za wateja, na ukawapa mafundi njia ya kuzungumza wakati wa vipimo.

Vipimo vya usiku

Waliomba saa tatu za usiku mifumo yote miwili ikiwa nje ya kazi. Kule A, oskileta yenye impidansi ya omu 600 iliunganishwa na jozi ya 3, na jozi ya 4 ikafungwa kwa rezista ya omu 600. Rezista ziwe za kaboni. Zile za waya uliozungushwa zina induktansi, yaani tabia ya koili kupinga masafa ya juu, inayopotosha kipimo kwenye masafa haya. Kule B walipima kiwango kilichofika kwenye jozi ya 3 na kilichotokea kwenye jozi ya 4 kwa mita inayochagua masafa. Tofauti ya viwango hivyo viwili ndiyo kinga dhidi ya mwingiliano wa mbali:

- kHz 1: zaidi ya dB 80, mwisho wa uwezo wa mita
- kHz 10: dB 61
- kHz 20: dB 51
- kHz 29: dB 45

Lengo la njia hii lilikuwa dB 55 au zaidi kwenye bendi nzima.

Mstari wa kwanza unaeleza kwa nini ukaguzi wa kawaida wa laini, unaofanywa kwa masafa ya sauti, haukuona kitu. Mistari mitatu inayofuata ina habari kubwa zaidi, nayo ilisomwa vizuri na mhandisi aliyeitwa usiku wa pili. Kipande kimoja kifupi cha laini chenye mpishano mbovu huongeza mwingiliano kwa dB 6 kila masafa yanapozidishwa mara mbili. Kosa linalojirudia kwa umbali sawa huonyesha kilima kwenye masafa fulani, kisha hushuka. Hapa, kutoka kHz 10 hadi 20, mwingiliano uliongezeka kwa dB 10. Mteremko mkali kiasi hicho hutokea pale vitu viwili, kila kimoja kikikua na masafa, vinapozidishana. Kwa hiyo alitafuta kasoro mbili badala ya moja.

Laini safi, kebo safi

Upande wa B laini haikuingia kituoni moja kwa moja. Miaka miwili kabla ya kisa, mita 300 za mwisho zilikuwa zimeshushwa ardhini kwa kebo ya karatasi, kuanzia nguzo ya kebo hadi kituoni. Mafundi walifungua viungo kwenye nguzo hiyo, wakafunga jozi zote mbili kwa rezista za omu 600 upande wa laini, wakarudia kipimo kutoka A. Kwenye kHz 29 walipata dB 60. Laini ilikuwa safi.

Basi kosa liko kwenye kebo, wakasema. Walipima kebo peke yake, kutoka nguzo hadi kituoni, ncha zote zikiwa zimefungwa kwa rezista inayolingana na impidansi ya kebo. Zaidi ya dB 80. Kebo nayo ilikuwa safi.

Laini pekee ni nzuri, kebo pekee ni nzuri, zikiunganishwa ni mbovu. Hapa kazi ilikwama kwa siku mbili, na ripoti ya kwanza ikaanza kulaumu mitambo upya. Kosa la kufikiri lilikuwa moja: katika kila kipimo, rezista iliyofungwa kwa uangalifu ilikuwa imeondoa kitu kilekile kilichokuwa kinasababisha tatizo. Ilimeza mwakisiko, yaani wimbi linalogonga kiungo na kurudi lilikotoka.

Kebo ya karatasi, ambayo nyaya zake zimezungushiwa karatasi, ina kapasitansi kubwa: nyaya zilizokaribiana hushika chaji kati yake na kuruhusu masafa ya juu kupenya kutoka waya mmoja hadi mwingine. Hii ilikuwa na karibu nF (nanofaradi) 46 kwa kilomita, yaani nF 14 kwa mita 300. Kwenye kHz 29, nF 14 ni sawa na kuweka omu 390 za kapasitansi sambamba na mtambo wa omu 600. Daraja la impidansi (kifaa cha kupima impidansi) lilipofungwa kwenye nguzo ya kebo, likitazama kituoni, lilionyesha kwamba wimbi linaloakisiwa liko chini ya linaloingia kwa dB 4 tu. Karibu asilimia 60 ya volteji iliyofika pale ilirudi kuelekea A. Kwenye kHz 10 mwakisiko ulikuwa chini kwa dB 12. Hiyo ilikuwa kasoro ya kwanza inayokua na masafa.

Dalili yake ilikuwa kwenye kumbukumbu tangu kebo ilipolazwa. Kiwango cha kHz 29 kilichofika B kilishuka kwa dB 2 siku ile, na fundi akakirudisha kwa kisawazishi cha mtambo, kifaa kinachoinua masafa yaliyodhoofika. Mtambo ukaonyesha namba nzuri, na sababu ikasahauliwa.

Mwakisiko peke yake hauleti mwingiliano. Lakini wimbi la jozi ya 3 lililogonga kebo na kugeuka sasa linasafiri kuelekea A. Likikuta kipande cha laini chenye mwingiliano mkubwa wa karibu, sehemu yake inarukia jozi ya 4 na kurudi ilikotoka, yaani kuelekea B. Inafika kwenye mtambo wa B pamoja na mazungumzo halali ya jozi ya 4. Mwingiliano wa karibu, ambao mgawanyo wa bendi ulikusudiwa kuuzuia, umegeuzwa na kioo kuwa mwingiliano wa mbali.

Walipima mwingiliano wa karibu kutoka nguzo ya kebo wakitazama A: ulikuwa chini ya wimbi linalotumwa kwa dB 41 kwenye kHz 29. Ukijumlisha dB 4 za mwakisiko unapata dB 45, namba ileile ya usiku wa kwanza.

Hesabu hiyo inaeleza pia kwa nini A haikulalamika. Bendi ya kutoka B kwenda A inaishia kHz 16. Huko mwakisiko na mrukio vyote ni vidogo, na vikizidishana hubaki karibu dB 55 au bora zaidi.

Nguzo ya 6 hadi nguzo ya 38

Kilichobaki ni kupata mahali. Oskileta na mita zilibaki kwenye nguzo ya kebo, na kikosi kikatembea na rezista mbili za omu 600, kikifungua viungo na kufunga jozi zote mbili kwenye nguzo moja baada ya nyingine. Kabla ya kugusa waya, kila jozi ilitolewa chaji kwa kuunganishwa na ardhi, na kazi ilisimama kila palipokuwa na ngurumo hata za mbali. Mwingiliano wa karibu kwenye kHz 29 ulisomeka hivi:

- Laini imefungwa nguzo ya 6: zaidi ya dB 70
- Nguzo ya 14: dB 52
- Nguzo ya 22: dB 46
- Nguzo ya 38: dB 41
- Nguzo ya 60: dB 41

Mrukio wote ulitoka kati ya nguzo ya 6 na ya 38, nafasi 32, mita 1,280. Nje ya hapo hakuna kilichoongezeka.

Mkaguzi wa laini alikuwa ameshapita hapo na kuandika kwamba mpishano upo, naye alisema kweli. Kipande hicho kilijengwa upya barabara ilipopanuliwa. Karatasi ya kazi iliagiza mpishano kila nguzo ya nne, bila kutaja jozi. Kikosi kikaweka mabano ya mpishano kwenye nguzo ya 10, 14, 18, 22, 26, 30 na 34, jozi ya 3 na jozi ya 4 pamoja.

Mpishano wa namna hiyo unazuia kelele kutoka nje, kwa mfano kutoka laini ya umeme iliyo karibu, na ndiyo maana jozi hizo zilikuwa tulivu. Kati ya jozi zenyewe haufanyi kazi yoyote. Jozi mbili zikibadilisha nafasi za nyaya kwenye nguzo ileile, uhusiano wa moja kwa nyingine haujabadilika hata kidogo. Mrukio unaongezeka nafasi baada ya nafasi kana kwamba hakuna bano hata moja. Kinachohesabika ni nguzo ambapo jozi moja inapishana na nyingine haipishani.

Maamuzi ya matengenezo

Njia nne zilijadiliwa. Kubadili mfumo wa pili uwe na mpangilio wa masafa uliosogezwa kulikataliwa kwa muda: kungeficha maneno, lakini nguvu inayovuja ingebaki. Kupunguza viwango kulikuwa kumeshakataliwa na vipimo. Zikabaki mbili: kurekebisha mpishano na kurekebisha kebo.

Hesabu ilionyesha kwamba yoyote kati ya hizo mbili, ikifanywa peke yake, ingefikisha dB 55. Waliamua kufanya zote. Kasoro moja ikiachwa, itasubiri mwenzake: kebo nyingine ikifungwa, nguzo zikihamishwa tena, tatizo litarudi bila mtu kukumbuka lilikotoka. Mpishano ulitangulia kwa sababu ulihitaji vifaa vilivyokuwa ghalani, wakati koili za kebo zilipaswa kuagizwa.

Marekebisho ya mpishano yalikuwa madogo kuliko wengi walivyotarajia. Jozi ya 4 iliachwa ilivyo, ikipishana kila nguzo ya nne. Jozi ya 3 iliongezewa mabano manane, kwenye nguzo ya 8, 12, 16, 20, 24, 28, 32 na 36, ikawa inapishana kila nguzo ya pili. Hesabu ya uhusiano wa jozi hizo ni nafasi 2 za chanya, kisha vipande saba vya nafasi 4 vinavyobadilishana hasi na chanya, kisha nafasi 2 za chanya. Jumla ni sifuri. Idadi ya mabano mapya ni shufwa, kwa hiyo nyaya zinatoka kwenye nguzo ya 38 zikiwa upande uleule zilioingia nao, na hakuna haja ya kugusa mpango wa kilomita zilizobaki. Kabla ya kupanda nguzo, hesabu hizi mbili, ya jumla sifuri na ya idadi shufwa, ziliandikwa na kukaguliwa na mtu wa pili.

Kwa kebo, transfoma za kulinganisha impidansi zilikataliwa, maana jozi hizo zilibeba pia simu ya sauti, mkondo wa kengele wa masafa ya chini sana, na vipimo vya mkondo mnyoofu, ambavyo transfoma ya wimbi bebaji haipitishi. Walichagua koili za kuongeza induktansi. Ili kebo ya nF 46 kwa kilomita ionekane kama omu 600, inahitaji karibu mH (milihenri) 16.6 kwa kilomita, yaani mH 5 kwa mita 300. Koili moja ya mH 5 katikati ingekuwa rahisi kufunga, lakini kikomo chake cha masafa, ambacho juu yake mawimbi hayapiti, kingekuwa karibu kHz 38, karibu mno na 31. Impidansi ingepanda vibaya kwenye chaneli ya juu, palepale penye ugonjwa. Koili mbili za mH 2.5 zinapeleka kikomo hadi karibu kHz 77. Nafasi bora ni mita 75 na mita 225 kutoka mwanzo wa kebo. Mashimo ya kebo yalikuwapo kwenye mita 70 na 230, na tofauti hiyo ya mita 5 ilikubaliwa.

Kila koili ina nusu mbili, moja kwa kila waya wa jozi, zikisaidiana. Nusu moja ikigeuzwa, induktansi ya jozi inakaribia sifuri na koili haina faida. Kila kiungo kilipimwa kwa daraja kabla ya kufungwa: mH 2.5 ni sawa, karibu sifuri ni kufungua na kugeuza.

Matokeo

Baada ya mabano manane, mwingiliano wa karibu kutoka nguzo ya kebo ulishuka hadi dB 55 chini ya wimbi linalotumwa kwenye kHz 29, na kinga dhidi ya mwingiliano wa mbali kati ya A na B ikapanda kutoka dB 45 hadi 57. Chaneli ya juu ilirudishwa kwa wateja siku iliyofuata. Koili zilipofungwa, wiki kadhaa baadaye, mwakisiko ulishuka hadi dB 25 hivi chini ya wimbi linaloingia, na kinga ikafika dB 60, ambayo ni uwezo wa kilomita zilizobaki za laini.

Koili zilirudisha pia zile dB 2 zilizopotea, kwa hiyo kisawazishi cha B kililazimika kurudishwa kilipokuwa kabla ya kebo. Hili lilikumbukwa kwa bahati nzuri. Lingesahauliwa, chaneli ya juu ingekuwa na dB 2 za ziada, na saketi ndefu yenye ukuzaji wa ziada huanza kupiga mluzi.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kupima kwa masafa ya wimbi bebaji, kwenye masafa kadhaa, na kusoma mteremko badala ya namba moja. Kipimo cha kHz 29 pekee kingesema tu kwamba hali ni mbaya. Namba tatu pamoja zilisema kasoro ni mbili na zote zinakua na masafa. Gharama ya kujua hilo ilikuwa saa tatu za usiku.

Kuhamisha rezista kutoka nguzo hadi nguzo nako kulistahili taabu yake. Kutazama kwa macho kulishindwa kwa sababu mabano yalikuwepo. Mkaguzi alipaswa kuwa na mchoro wa mpishano mkononi na kulinganisha jozi na jozi, si kuhesabu mabano.

Kilichoshindwa zaidi, kwa hukumu ya haki, kilitokea miaka miwili kabla ya kisa. Mtu aliyefidia dB 2 kwa kisawazishi aliondoa dalili bila kuuliza chanzo. Upungufu unaotokea ghafla kwenye ncha ya juu ya bendi, siku kebo inapolazwa, karibu kila mara ni kapasitansi isiyolinganishwa. Mfumo mmoja ulifanya kazi bila shida kwa miaka hiyo miwili kwa kuwa hakukuwa na jirani wa kuvujia. Mwakisiko ulikuwepo muda wote.

Kipimo cha laini pekee na cha kebo pekee hakikuwa na kosa, ila kilihitaji kipimo cha tatu: kiungo chenyewe, kwa daraja la impidansi. Kwenye njia yoyote ambapo waya wazi unaingia kebo, kipimo hicho kifanywe kwanza. Kinachukua dakika chache kwenye nguzo ya kebo na hakihitaji mtu upande wa pili.

Kuhusu mpangilio mmoja wa masafa, shirika liliamua kwamba mfumo wa tatu, ukija, utakuwa na mpangilio uliosogezwa, hata kama vipuri vitaongezeka. Ni uamuzi sahihi kwa laini ya urefu huu: kinga ya dB 60 inatosha leo, na kila nguzo itakayobadilishwa itaila kidogo.

Jambo moja lilibandikwa ndani ya mlango wa sanduku la nguzo ya kebo, kwa ajili ya watakaokuja. Koili hizi zinakata karibu kHz 77. Mfumo wa chaneli 12 wa waya wazi hutumia kHz 36 hadi 84 upande mmoja na kHz 92 hadi 143 upande wa pili, kwa hiyo koili zikiachwa mahali pake upande wa pili hautapita kabisa, na upande wa kwanza utakatwa ncha yake ya juu. Na zikiondolewa bila kuwekwa kitu kingine, nF 14 za kebo kwenye kHz 140 ni omu 81 tu. Atakayefunga mfumo huo aanze na kebo, kisha arudi kwenye nguzo ya 6 na mchoro mpya wa mpishano.